Mji Pepe wa Eldoret Ujengwe kwa Lugha Gani?

Mji wa Eldoret ulianza ukiwa namba. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa juu ya kipande cha ardhi ambacho wapima ardhi wa kikoloni walikuwa wamekiandika katika daftari zao kuwa shamba nambari 64, na ikawa hilo ndilo jina la mahali: barua zilielekezwa huko, wageni walisafiri kwenda huko, na wenyeji wakaitwaa namba hiyo ya Kiingereza na kuitamka kwa ndimi zao hata ikawa Sisibo. Mwaka 1912 Gavana Percy Girouard ndiye aliyeupa mji jina la Eldoret, ambalo asili yake hutajwa kuwa neno la Kimaasai linalohusu mto wa mawe, yaani Sosiani, likavishwa mwisho wa Kikalenjin. Baada ya hapo ilipita zaidi ya karne moja. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliukabidhi mji huo hati ya kuwa jiji, la tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Kisa hiki cha jina kinafaa kurejelewa hivi sasa kwa sababu kuna jiji jingine linaloweza kujengwa kando ya hili la mawe na mabati. Ni jiji la ndani ya kompyuta: lenye barabara, masoko, viwanja na nyumba zinazoonekana kwenye kioo, ambamo watu wengi huingia kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, wakaonana, wakasemezana na wakajenga kwa pamoja. Ujuzi wa kulijenga upo, tena si mgeni. Swali ambalo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawapaswi kuliachia watu wengine ni hili: vitu vya jiji hilo vitaitwaje, na nani atakayeviita? Eldoret ilikwisha kuonja matokeo ya kupewa jina na daftari la mpimaji. Makala haya yanashikilia kuwa haifai kuonja mara ya pili.

Msomaji asidhani kuwa mambo haya ni ya jana. Mji wa kwanza wa aina hii uliovuta watu wengi kwa pamoja uliitwa Habitat, nao ulitengenezwa na kampuni ya Lucasfilm kule Marekani. Ulianza kujaribiwa mwaka 1986. Kompyuta uliyotumia ilikuwa ndogo mno kwa vipimo vya leo, iliyokuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu na iliyounganishwa na wenzake kwa waya wa simu wa kawaida. Kompyuta hiyo iliitwa Commodore 64. (Wenyeji wa Sisibo wana haki ya kutabasamu hapa.) Wakazi wake walikuwa mamia kadhaa tu, lakini haukupita muda mrefu kabla ya wao kuanza kufanya yale yote yanayofanywa na watu wa mjini. Walianzisha gazeti. Walianzisha kanisa. Wengine waliibiana, wengine wakauana kwa silaha za kubuni, na papo hapo ukazuka mjadala mkali: je, kuua katika mji usiokuwapo ni kosa? Maoni yalipokusanywa, yaligawanyika karibu nusu kwa nusu. Wakamchagua mkuu wa usalama kwa kura.

Waliousanifu mji huo, Chip Morningstar na F. Randall Farmer, waliandika baadaye kuhusu waliyojifunza, na fundisho lao kuu lingepaswa kusomwa katika kila idara ya isimujamii. Walisema kwamba kinachoufanya mji wa aina hii kuwa mji ni maingiliano ya watu waliomo, wala si ubora wa picha wala nguvu za mitambo. Waliongeza kuwa haiwezekani kuupangia kila kitu kutoka juu, kwa kuwa wakazi hufanya yao. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mhimili wa mji pepe ni mazungumzo, na mazungumzo hayana budi kuwa katika lugha fulani. Suala lililodhaniwa kuwa la wahandisi linageuka kuwa la wanaisimu.

Waholanzi walilielewa jambo hili mapema. Mwezi Januari 1994 ulifunguliwa mjini Amsterdam mji wa kompyuta ulioitwa kwa Kiholanzi De Digitale Stad, maana yake Mji wa Kidijitali. Ulikusudiwa kuwa jaribio la wiki kumi, ukadumu miaka. Asiyekuwa na kompyuta aliweza kuutumia kupitia mashine zilizowekwa mahali pa umma. Ulikuwa na posta yake, vibanda vyake, na baadaye viwanja vyake, kila kiwanja na mada yake. Watu wa Amsterdam ni mashuhuri kwa kuzungumza Kiingereza, na lau wangeamua kukitumia, hakuna ambaye angewashangaa. Hata hivyo uwanja waliuita kwa neno lao. Kiholanzi kina wasemaji wachache mno kuliko Kiswahili, na wasomi wa Kiswahili wanaoona haya kukidai kompyuta wangefaa kulitafakari hilo.

Miaka iliyofuata ilileta miji mikubwa zaidi na mizito zaidi. Active Worlds ulikuja mwaka 1995 na kumruhusu kila mgeni kujikatia kiwanja na kujenga. Second Life ulifuata mwaka 2003 ukiwa na sarafu yake na biashara ya ardhi isiyokuwapo. Mwaka 2021 kampuni ya Facebook ilibadilisha jina ikawa Meta, ikitangaza kuwa mustakabali wa binadamu ni kuvaa miwani na kuishi katika ulimwengu wa aina hiyo. Kadiri miji hii ilivyopendeza macho ndivyo ilivyozidi kumtaka mtu awe na mashine ya bei. Hapa ndipo Eldoret inapaswa kukataa kufuata msafara. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa nchini Kenya haikufika nyumba moja kati ya kumi iliyokuwa na kompyuta ya aina yoyote, iwe ya mezani au ya kupakata. Kompyuta inayopatikana Langas, Huruma au Munyaka mara nyingi ni ya mtumba, iliyokwisha kuchoka mikononi mwa mwingine kabla ya kufika kwa mwanafunzi. Mji pepe utakaojengwa kwa ajili ya mashine ya milioni utakuwa mtaa wa matajiri wenye ukuta na bawabu, hata kama mlangoni pameandikwa karibu.

Bahati ni kwamba wepesi unawezekana. Ipo programu huria iitwayo Luanti, iliyoanza mwaka 2010 kwa jina la Minetest, ambayo hujenga ulimwengu mzima kwa vijitofali vya mraba na huendeshwa na kompyuta za kawaida kabisa. Haina ada, mtu yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha, na maneno yake yanaweza kutafsiriwa. Mtu mmoja akiweka tofali, mwenzake aliye upande wa pili wa mji huliona. Kutoka Uganda Road hadi ukingo wa Sosiani kunaweza kujengwa hivyo na vijana wachache wenye subira. Picha hazitakuwa za kuvutia. Habitat nayo haikuwa na picha za kuvutia.

Nchini Kenya tofali za aina hii zimekwisha kutumiwa, tena kwa shughuli ya maana. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilishirikiana na waundaji wa mchezo wa Minecraft katika mradi ulioitwa Block by Block. Mojawapo ya mahali pa kwanza kujaribiwa palikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Wakazi waliketi mbele ya kompyuta, wakaujenga upya uwanja wao jinsi walivyotaka uwe, na wataalamu wakaona kwa macho kile ambacho katika mikutano ya kawaida husemwa na wachache wenye sauti. Kabla ya hapo, mwaka 2009, vijana wa Kibera walikuwa wamechora ramani ya mtaa wao chini ya mradi wa Map Kibera, kwa kuwa katika ramani zilizokuwapo mtaa huo wenye umati wa watu ulionyeshwa kama pengo. Dar es Salaam nayo ilianza Ramani Huria mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu wakitembea mitaa ya mabondeni kuandika mifereji na njia ambazo mafuriko hupitia.

Hata hivyo mfano unaogusa Eldoret kwa karibu kuliko yote ni mchungu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, nchi iliwaka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na Uasin Gishu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Katika siku hizo za Januari 2008 Wakenya wachache, akiwamo Ory Okolloh, waliunda tovuti ambayo raia waliweza kuitumia taarifa za yaliyotokea, nyingine kwa ujumbe mfupi wa simu, na kila taarifa ikawekwa mahali pake kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Tangu hapo programu hiyo imetumiwa katika nchi nyingi, ikiwamo Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010. Huenda basi Eldoret ya kwanza ambayo watu wengi wa mbali waliiona katika kompyuta ilikuwa Eldoret ya alama za maafa.

Ushahidi, Ramani Huria: majina hayo ni Kiswahili safi, na kila mpenzi wa lugha huyatamka kwa fahari. Lakini fahari hiyo isimlevye mtu. Mara nyingi Kiswahili hualikwa kuandikwa kwenye kibao cha mlangoni, kisha ndani ya nyumba kazi yote ikafanywa kwa Kiingereza: maelekezo, vitufe, miongozo, hata mabishano ya waundaji wenyewe. Kiswahili huwa kama bibi harusi anayepigiwa vigelegele barazani ilhali hajaulizwa lolote kuhusu nyumba anayopelekwa. Katika mji pepe hali hiyo ina madhara zaidi kuliko katika ramani, kwa kuwa mtu haangalii tu bali huishi humo kwa saa kadhaa, akiongozwa na maneno aliyowekewa.

Chukua neno moja tu. Wanaisimu walipotafuta neno la barua inayosafiri kwa kompyuta walipata barua pepe, na kutokana nalo pepe likaendelea kuzaa: uhalisia pepe, mji pepe na mengineyo. Watetezi wake husema linatokana na ukoo mmoja na upepo na peperusha, kwamba ni jambo lisiloshikika lakini linalofika. Sawa. Lakini Uasin Gishu ni nchi ya mahindi na ngano, na kwa mkulima pepe ni punje isiyo na kiini, ile inayoondoka na upepo wakati wa kupepeta. Je, mji pepe ni mji unaofika popote, au ni mji wa makapi? Makala haya hayaoni haja ya kulitupa neno. Utata wenyewe una faida, kwa sababu unamkumbusha mjenzi kwamba anaweza kutoa kiini au ganda. Lakini mjadala kama huu hautafanywa na mtu anayeandikiwa programu na watu wa mbali, akaletewa orodha ya maneno ya Kiingereza siku tatu kabla ya uzinduzi, akaambiwa ayatafsiri.

Kuna jambo zito kuliko istilahi. Waswahili walikwisha kuwa na nadharia ya mji, ijapokuwa hawakuiita nadharia. Mtu anayeingia nyumba ya kale ya Lamu haruki kutoka barabarani hadi chumbani. Kwanza hukuta daka, penye viti vya mawe pande mbili, ambapo mpita njia yeyote aweza kuketi. Baadaye kuna tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, na ndani kabisa ndipo palipo pa wenyewe. Kila hatua ina haki zake na watu wake. Kati ya hatua na hatua kuna neno hodi, na hodi haijibiwi kwa lazima. Mwenye nyumba akinyamaza, mgeni mwenye adabu hurudi zake.

Tazama sasa miji mingi ya kompyuta inavyojengwa. Mtu ama yuko nje hadharani, anatukanwa na kila apitaye, ama amejifungia na marafiki aliowaidhinisha. Baraza haipo, yaani mahali pa katikati ambapo jirani na mgeni huonana bila mmoja kuwa ndani ya nyumba ya mwenzake. Waundaji wa ng'ambo hutumia fedha nyingi kutafuta dawa ya matusi na bughudha, wakaweka vitufe vya kuripoti na kufungia watu. Jawabu mojawapo liko Lamu katika mawe ya matumbawe. Mji pepe wenye madaraja hayo, wenye kitufe cha hodi badala ya ombi la urafiki, na unaoheshimu ukimya kuwa jibu, ungekuwa mchango wa Kiswahili kwa dunia nzima ya kompyuta. Huo haungekuwa tafsiri. Wangetafsiri wengine.

Atatokea wa kusema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa kazi kama hiyo. Hoja hiyo ilizikwa mwaka 2004, wakati mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kilichofuata ndicho cha kusikitisha: maneno yalipatikana, watumiaji hawakupatikana kwa wingi uliotarajiwa, kwa sababu shule na ofisi ziliendelea kufundisha na kuagiza kwa Kiingereza. Somo lake ni kwamba kutafsiri kitu ambacho watu wamekwisha kukizoea kwa lugha nyingine ni kupanda mlima kwa magoti. Mji pepe wa Eldoret haujazoeleka kwa lugha yoyote. Huu ndio wakati wa kuanza nao.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Eldoret si mji wa Waswahili wa pwani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu zaidi ya 475,000, na kati yao Kinandi, Kikeiyo, Kiluhya, Kigikuyu, Kijaluo, Kikisii, Kigujarati na Kisomali husikika, mbali na Sheng ya vijana. Kwa nini basi baraza na hodi? Jibu ni kwamba hakuna mtaa wa Eldoret ambamo hodi ni neno geni. Tena mwaka 2008 ulionyesha jinsi mitaa inavyoweza kugawanyika kwa kabila katika muda wa siku chache. Mji pepe ukijengwa kwa lugha ya kundi moja utakuwa umeanza pale ambapo mji halisi ulianguka, na ukijengwa kwa Kiingereza utamfungia nje mama mboga wa soko kuu, ambaye ndiye anayeujua mji kuliko mhandisi. Hii haina maana kwamba wanafunzi wa Kiswahili wageuke polisi wa ufasaha. Anayetaka kusema Sheng ndani ya mji huo na aseme. Lugha ya vibao, ya sheria na ya mikutano ndiyo inayodaiwa hapa.

Wengine watasema barabara za Kimumu zitengenezwe kwanza. Ni kweli zitengenezwe, na mji pepe hauziba shimo hata moja. Silanga, hata hivyo, ilionyesha kuwa unaweza kumsaidia mkazi kuonyesha mahali shimo lilipo na kitu anachotaka kando yake.

Kazi yenyewe inaweza kuanza bila kungoja wafadhili. Chuo Kikuu cha Moi kina idara ya Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika, nacho hufundisha pia taaluma ya habari na kompyuta, kule Kesses kilomita 35 hivi kutoka mjini. Chuo Kikuu cha Eldoret kiko upande wa pili wa jiji. Wanafunzi wa kompyuta waanzishe seva na kuweka tofali. Wanafunzi wa Kiswahili watoke na daftari. Waulize kwa nini mtaa mmoja huitwa West Indies na mwingine Kapsoya, nani aliyelipa kiwanja fulani jina, wazee huliitaje daraja la Sosiani, wenye matatu huita wapi stendi na wapi steji. Majina mawili yakigombania mahali pamoja, yote mawili yaandikwe mpaka wakazi waamue. Hiyo ni tasnifu kumi za onomastiki, na kila moja ingekuwa na manufaa kwa mtu asiye mtahini.

Kisha watafika Kiambaa, viungani mwa jiji, ambako tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Hapo mjenzi wa mji pepe hawezi kupita kana kwamba ni shamba tupu. Aweke kanisa lilivyokuwa? Aweke makaburi? Aache pengo, kama lile la Kibera katika ramani za zamani? Apaandike jina gani, na kibao kiwe na maneno mangapi? Hakuna programu inayoweza kulijibu hilo, na mwanafunzi wa mwaka wa pili hana idhini ya kulijibu peke yake usiku akiwa chumbani. Waliofiwa wako hai, na majirani zao wako hai. Waitwe wakae pamoja, katika baraza ya kweli yenye viti na chai, waulizwe kwa Kiswahili wanachotaka kionekane pale, na mpaka watakapokubaliana mahali hapo pasiwekwe tofali.